Mashine Yaandika, Nani Atajibu?



Wengi wenu mnajitayarisha kuingia katika kazi zenye vyama vyake. Atakayekuwa wakili ataandikishwa katika chama cha mawakili; atakayekuwa daktari, muuguzi, mwalimu ama injinia atakutana na wenzake katika chama chenye kanuni, michango, vikao na viongozi waliochaguliwa. Vyama hivyo leo vinapimwa na kitu kipya: akili bandia inayotunga maandishi, kama ile iitwayo ChatGPT, iliyofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022. Maoni yetu ni haya: chombo hiki hakitaviua vyama vya kazi, lakini kitavifunua. Kitaonyesha ni chama kipi kilikuwa ushirika wa watu wanaojibu kwa ajili ya wenzao, na kipi kilikuwa ofisi ya kukusanya michango na kugawa karatasi.

Zamani mwanachama alilipa mchango wake kwa sababu chama kilikuwa na vitu asivyoweza kuvipata peke yake: jarida la kazi, mafunzo, mifano ya mikataba, na mkubwa wa kazi wa kumwuliza. Leo kijana mwenye simu huuliza swali lake usiku na kupata jibu kabla hajalala. Katibu naye hutungiwa muhtasari wa kikao kwa dakika chache, na rais wa chama hutungiwa hotuba. Hatuoni ubaya katika kupunguza mzigo wa karatasi. Chama kidogo kisicho na fedha za kumlipa mwandishi kinaweza kupata msaada mkubwa. Lakini mambo yaliyowapata mawakili yanatufundisha mahali msaada unapokoma.

Huko New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani hati iliyotaja hukumu ambazo hazikutolewa na hakimu yeyote duniani. ChatGPT ndiyo iliyozitunga. Tarehe 22 Juni 2023 waliadhibiwa, wao pamoja na ofisi yao, kwa faini ya dolari 5,000. Chama cha mawakili cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1878, kilitoa mwongozo rasmi mwezi wa Julai 2024: wakili anayetumia chombo hiki bado anadaiwa umahiri, kulinda siri za mteja, kusema kweli mbele ya mahakama, na kudai malipo yaliyo ya haki.

Mwongozo ulikuwa mwema, lakini karatasi haimlindi mtu asiyeisoma. Tarehe 6 Juni 2025 Mahakama Kuu huko London ilitoa uamuzi juu ya makosa ya namna hiyohiyo. Katika kesi moja hati zilitaja hukumu 45, na 18 kati yake hazikuwako kabisa. Mteja mwenyewe ndiye aliyezitafuta, akitumia akili bandia na vyombo vingine vya intaneti. Wakili wake akazipokea bila kuzihakiki. Aliyesomea sheria alimfuata asiyeisomea! Mahakama haikuishia kwa wakosaji. Ilisema kwamba miongozo peke yake haitoshi, ikapeleka nakala ya uamuzi wake kwa vyama vya mawakili, ikiwaalika viongozi wao kufikiri kwa haraka ni hatua gani zaidi zichukuliwe.

Tazameni basi ni nani walioitwa kujibu: watu wenye majina, na vyama vyenye viongozi. Hapa kwetu pia, tangu sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, wakili hula kiapo, na baraza la chama chake lina uwezo wa kumwadhibu. Hakuna baraza liwezalo kuiita programu, kuihoji, kuiaibisha na kuifuta katika orodha. Programu haina kiapo cha kuvunja. Hiyo ndiyo kazi ya chama ambayo mashine haiwezi kuichukua: kusimama mbele ya watu na kusema, “Huyu ni wetu; akikosea, tutajibu.”

Kwa hiyo jaribu kubwa zaidi liko kwa viongozi. Mwanachama anaandika kwamba amefukuzwa kazini kwa uonevu. Anapokea barua laini, iliyojaa maneno ya huruma, ambayo hakuna mtu aliyeifikiria wala kuisoma mpaka mwisho. Tunasema kwamba kiongozi wa namna hiyo amekiacha kiti chake wazi, hata kama bado amekikalia. Zaidi ya hayo, mwenye kumwaga malalamiko ya mwanachama ndani ya programu ya kampuni ya mbali, pamoja na jina lake na shida zake, ameitoa siri ambayo hakupewa ruhusa ya kuitoa.

Kuna hatari nyingine inayotugusa sisi Wakongo. Anayeuliza kwa Kifaransa juu ya mkataba wa kazi anaweza kupewa sheria ya Ufaransa, kwa maneno mazuri yasiyo na mashaka. Mashine imelishwa zaidi maandiko ya nchi tajiri. Haikukaa katika kituo cha afya ambacho umeme hukatika katikati ya uzazi, wala haijafundisha darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Maarifa hayo wanayo wanachama wetu, na mengi hayajaandikwa popote. Kiongozi mwenye hekima atayakusanya, ayahakiki pamoja na wenzake, kisha ayatoe kwa wote. Hapo mwanachama atajua kwa nini analipa mchango wake.

Sisi tuliofundishwa kazi ya ualimu twajua tena jambo moja. Mwanagenzi hujifunza anapoandika vibaya na mkubwa wake akamsahihisha. Kuandika muhtasari wa kikao ni kazi ya kuchosha, lakini humzoeza kijana kusikiliza, kuchuja na kuwa mwaminifu kwa maneno ya wengine. Tukiipa mashine kazi zote ndogo, ni nani atakayekuwa na uwezo wa kusahihisha kazi kubwa miaka 20 kutoka sasa?

Mawazo haya si mageni katika Kanisa. Mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum, Papa Leo XIII alitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao, akisikitika kwamba vyama vya kale vya mafundi vilivunjwa na wafanyakazi wakaachwa peke yao, bila mlinzi. Mwezi wa Mei 2025 Papa Leo XIV aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina hilo hasa kwa sababu ya barua ile, akaitaja akili bandia kuwa changamoto mpya kwa heshima ya mtu, kwa haki na kwa kazi. Upweke ule wa mwaka 1891 unaweza kurudi kwa njia nyingine: kila mmoja na simu yake, kila mmoja na jibu lake, wala hakuna wa kumtetea siku ya shida. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi tunaomba vyama vya kazi vishike mambo matatu. Kila andiko linalotoka liwe na mtu aliyelisoma lote na kutia sahihi yake. Siri ya mwanachama isiingizwe katika programu bila ruhusa yake. Na kila mwanachama mpya apewe mkubwa wa kumwuliza, mwenye sura na jina.

Nanyi mlio viongozi wa vikundi vya vijana, msingoje kuajiriwa ndipo muanze. Zungumzeni haya katika mkutano wenu ujao:

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani tungeweza kuipa mashine, na ni ipi tusiipe kamwe?
2. Mwenzetu akituletea shida yake, anakutana na nani?
3. Andiko letu likimdhuru mtu, nani kati yetu atasimama kujibu?