Msemaji anapogeuka kuwa habari

WAHENGA walinena kwamba mjumbe hauawi. Walimkusudia mjumbe afikishaye ujumbe aliopewa, si yule anayeketi na wakuu kuutunga. Tofauti hiyo ndiyo iliyomponza Alastair Campbell, aliyekuwa sauti ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Tony Blair.

Campbell, aliyewahi kuwa mhariri wa siasa wa gazeti la Daily Mirror, alijiunga na Blair mwaka 1994. Kwa kuwa alizifahamu fika hila za vyumba vya habari, alikitia chama cha Labour nidhamu: wote watamke ujumbe mmoja, na kila shutuma ijibiwe kabla ya magazeti kwenda mitamboni. Mnamo Mei 1997, Labour ilizoa viti 418 na kukomesha miaka 18 ya utawala wa Conservative.

Hapo ndipo mpaka ulipovukwa. Serikali mpya ilitoa amri maalumu iliyompa Campbell, mteule wa kisiasa, mamlaka ya kuwaelekeza watumishi wa umma. Uchaguzi ulikuwa umekwisha, lakini mbinu za kampeni zikahamia serikalini.

Septemba 2002, serikali ilichapisha waraka uliodai kuwa Iraq ingeweza kutumia silaha za maangamizi katika muda wa dakika 45. Mei 2003, shirika la BBC lilitangaza kwamba waraka huo ulitiwa chumvi. Dkt David Kelly, mtaalamu wa silaha aliyetajwa kuwa chimbuko la habari hiyo, alipatikana amefariki Julai. Agosti 29, Campbell akatangaza kujiuzulu.

Januari 2004, Jaji Hutton aliamua kwamba shutuma za BBC hazikuwa na msingi. Hata hivyo, silaha hizo hazikupatikana. Campbell alirejea kusaidia kampeni ya 2005, naye Gordon Brown akaifuta amri ile mwaka 2007.

Suala hili si geni kwetu. Msemaji wa kwanza wa Serikali ya Kenya, Dkt Alfred Mutua, aliyeteuliwa 2004, aliacha wadhifa huo 2012 na kuchaguliwa gavana wa Machakos 2013. Kuwania kiti ni haki ya kila raia. Lakini mlipa kodi naye ana haki ya kujua iwapo anayemsikiliza anatoa taarifa ya serikali au anasaka kura. Asipoweza kutofautisha, hata ukweli utakapotangazwa hatausadiki.