TUJIFUNZE PAMOJA: Mbona wanauliza jina tena?

Mwezi huu tunajibu swali linalosikika sana hapa kwetu: mgonjwa akipelekwa kupasuliwa, mbona anaulizwa jina tena wakati limeandikwa kwenye faili?

Sisi wakimbizi tumeulizwa majina kwenye ofisi nyingi, basi tunadhani hatuaminiwi. Sivyo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi yenye mambo 19 ya kuhakikisha katika kila upasuaji. Kabla ya dawa ya usingizi wanauliza: huyu ni nani, anapasuliwa nini, upande gani, kuna dawa inayomdhuru? Kabla ya kukata, wanatajiana majina na kazi zao. Mwisho wanahesabu sindano, vitambaa na vyombo, kisibaki kitu mwilini.

Karatasi hiyo ilijaribiwa kwenye hospitali 8 za miji 8, mmoja ukiwa Ifakara, Tanzania. Walihesabu vifo kabla ya kuitumia, wakahesabu tena baadaye. Kabla, katika wagonjwa 1,000 walikufa kama 15. Baadaye, 8. Karatasi tu hiyo!

Kwa hiyo mama, baba, ukiulizwa usikasirike. Taja jina lako lote, onyesha kwa kidole mahali pa kupasuliwa, sema dawa iliyowahi kukudhuru. Kama lugha inakushinda, omba mtu akutafsirie kabla hujalazwa usingizi. Na wasipouliza, sema mwenyewe. Ni haki yako.

Tukutane mwezi ujao.