Mfungulieni Mtoto Daftari la Hesabu

Watoto wetu wanajua bei ya chipsi mayai na ya bando la intaneti, lakini hawajui kodi ya chumba wanacholala. Tunawaficha. Mwenye nyumba akija kudai, tunawaambia watoto watoke nje wakacheze. Luku ikiisha, tunakopa kwa jirani kimyakimya. Tunadhani tunawalinda. Mimi nina genge la nyanya, vitunguu na hoho Tandika, na naamini kufichwa huko kunawaandaa wawe wateja wa mikopo ya kausha damu.

Jumamosi nakaa gengeni na binti yangu wa darasa la sita na kaka yake wa kidato cha pili. Kuuza walikujua upesi. Kazi ilikuwa kwenye droo, maana mtoto akiiona imejaa jioni anaamini zote ni zetu. Basi tunaandika. Ndoo ya nyanya 15,000, bajaji 2,000, ushuru 500, mifuko 1,000, jumla 18,500. Tumepanga mafungu 50 ya shilingi 500, sita yameoza, tumeuza 22,000. Binti akatoa mwenyewe, akapata 3,500. Akarudia hesabu akidhani amekosea, kwa sababu alikuwa ameshika noti nyingi siku nzima. Nikamwambia hiyo 18,500 si yetu, ni ya nyanya za kesho na gharama zake, tukiigusa tumekula mtaji. Tangu hapo hanidai soda kila droo inapofunguliwa. Anauliza kwanza tumebakiwa na nini.

Wapo watakaosema namtumikisha mtoto. Hofu hiyo naiheshimu, maana nawaona watoto wakitembeza karanga na mayai usiku vituo vya daladala, wakati wenzao wamelala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa kuajiriwa kuwa miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Mtoto anayeachiwa genge peke yake ili mzazi apumzike anatumikishwa. Anayekaa ubavuni mwa mama yake saa mbili tatu, kalamu mkononi, anafundishwa. 

Jambo linaloniuma zaidi ni hela ya sikukuu. Idi au Krismasi mtoto anapewa na mjomba, na shangazi, na bibi. Mama anamwambia, lete nikuwekee. Hairudi. Akiiulizia anaambiwa, kwani unakula wapi? Mtoto huyo amejifunza kwamba hela ikiwekwa inapotea, ikitumiwa haraka inabaki tumboni mwake, na somo hilo halitoki kirahisi. Mnunulieni kibubu, akivunje mwenyewe siku aliyoipanga. Shida ikikubana ukaazima, andika deni, ulirudishe mbele yake.

Kijana aliyelelewa bila mafunzo haya anafika chuo kikuu na kupokea boom, pengine mara ya kwanza maishani kushika kwa mkupuo hela ya kula ya wiki nyingi. Anaiona kama droo ya jioni. Kumbe ni mkopo, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Katikati ya muhula anapiga simu nyumbani hana hela ya kula, nasi tunamlaumu kwa hesabu ambayo hatukuwahi kumfundisha.

Wazazi wenye ajira wananiambia wao hawana genge la kumfundishia mtoto. Karatasi ya mshahara mnayo. Mwezi huu kaeni naye mezani, mwonyesheni mshahara kabla ya makato, kisha makato yenyewe, kisha kodi ya nyumba, nauli, unga, na kile mnachomtumia bibi kijijini. Akiuliza kwa nini kimebaki kidogo hivyo, msimfukuze akacheze. Mjibuni.