Dumu Jeusi Jangwani: Taka au Ushahidi?

Mwaka 2009, mwanaanthropolojia Jason De León alianzisha Undocumented Migration Project, mradi uliowapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu kwenye mafunzo ya uwandani katika Jangwa la Sonora, jimboni Arizona, Marekani. Walitumia mbinu za akiolojia, lakini hawakutafuta mabaki ya kale. Walichunguza mabegi, viatu na madumu ya maji yaliyoachwa na wahamiaji wasio na hati waliovuka kutoka Mexico.

Wapo wanaoviita vitu hivyo taka. Mimi naviita ushahidi.

Tulitazame dumu la maji. Wahamiaji waliamini kwamba dumu jeupe huakisi mwanga na kuwafichua kwa walinzi wa mpaka. Wakaanza kuyapaka madumu rangi nyeusi, na baadaye viwanda vya Mexico vikayatengeneza yakiwa meusi. Lakini plastiki nyeusi hufyonza joto la jua, na maji yaliyomo hupata moto. Anayekimbia kuonekana hulipia maficho yake kwa maji yasiyonyweka.

Hali hiyo haikuzuka yenyewe. Mkakati wa mwaka 1994 wa walinzi wa mpaka wa Marekani ulikusudia kuimarisha ulinzi karibu na miji, ili wanaovuka wasukumwe kwenye mazingira magumu zaidi. Waraka wenyewe ulikiri hatari ya vifo. Hakuna ofisa aliyelazimika kufyatua risasi. Kazi iliachiwa jua. Watafiti waliweka mizoga ya nguruwe iliyovishwa nguo, wakaona jinsi tumbusi wanavyotawanya mifupa kwa siku chache. Kwa hiyo hata maiti zaidi ya 3,200 zilizopatikana katika jangwa la Arizona tangu miaka ya 1990 hadi 2019 haziwezi kuwa hesabu kamili.

Atakayesema kwamba kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake, simpingi. Ninachokataa ni sera kuua kisha lawama kutupiwa hali ya hewa.

Ipo hoja nzito zaidi: je, ni haki mateso ya watu yageuzwe somo la wanafunzi? Mwaka 2012 wanafunzi wa mradi huo waliukuta mwili wa mwanamke njiani. De León hakuishia kuandika kielelezo. Aliitafuta familia ya marehemu na kuisikiliza. Elimu inayorudi kwa wafiwa si utalii wa msiba.

Mwaka huo huo, zaidi ya Waethiopia 40 waliokuwa safarini kuelekea kusini mwa Afrika walikutwa wamekufa mkoani Dodoma, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Tuliwaita wahamiaji haramu. Neno hilo lilitupunguzia uchungu, kwa sababu aliye haramu haulizwi jina la mama yake. Lakini haramu ni sifa ya tendo. Mtu hazaliwi nayo wala hazikwi nayo.

Ndugu zangu mnaosoma akiolojia, na ninyi mnaoandika taarifa za idara zetu: tumezoea kuchimba yaliyofukiwa karne nyingi zilizopita. Tujifunze pia kuokota yaliyodondoka jana, kabla hatujadai kwamba hatukujua.