Ukirudisha Stori ya Kitambo, Rudisha na Tarehe

Wasee wa Nax, mvua ya Aprili ikianza tu, kuna vidio mtaletewa. Maji ya matope yanashuka gizani, watu wanapiga nduru, na ujumbe juu yake unasema bwawa limepasuka Solai, watu wahame haraka. Kupasuka lilipasuka kweli. Ila lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018.

Sasa kuna wale watasema dawa ni kuacha kufukua makaburi. Yaliyopita si ndwele, na kadhalika. Mimi hapo nakataa. Bwawa la Patel liliua watu wasiopungua 47 huko Solai, wengi wao wa vijiji vya chini kama Energy na Nyakinyua. Washtakiwa walifikishwa kortini mwaka huohuo. 2020 hakimu wa Naivasha akawaachilia kwa sababu upande wa mashtaka ulikuwa unakokota miguu, halafu mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema kesi irudi. Jambo kama hilo ukiliacha lilale, unamsaidia nani? Si yule aliyezika watoto.

Kwa hivyo fufua. Lakini kuna adabu yake, na wengi wetu hatuna.

Shangazi yangu anaishi pande za Subukia, nyumba iko chini ya mteremko. Alitumiwa hiyo vidio saa nne usiku, bila tarehe, bila chochote. Akabeba wajukuu wawili na kitambulisho, akatembea kwenye mvua hadi kanisani. Asubuhi ndiyo mtu akaandika kwenye kundi ati, "Aki hiyo ni ya kitambo." Aliyeituma akaweka emoji ya kucheka. Basi.

Enyewe baridi haikuniuma roho sana, baridi huisha. Kilichoniuma ni kile alichosema baadaye: akitumiwa tena, halali nje. Na mnajua Mai Mahiu maji yalikuja saa ngapi? Alfajiri, Aprili 29, 2024, watu wakiwa kitandani. Zaidi ya watu 50 walikufa. Siku onyo la kweli litakapomfikia shangazi, litakuta tushalimaliza nguvu.

Na hiyo ya Mai Mahiu ina funzo lingine. Ukirudi kwenye posti za asubuhi ile, karibu zote zinasema Bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba haikuwa bwawa: handaki chini ya tuta la reli lilikuwa limeziba, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka yakapasua njia. Hii si tofauti ndogo. Mtu anayeamini ni bwawa ataenda kukagua mabwawa, na kalvati iliyojaa magogo nyuma ya nyumba yake hataiangalia. Ukiivuta posti ya zamani jinsi ilivyo, unavuta pia kosa lake, na safari hii ni wewe umelisema.

(Ule ufa wa barabara ya Mai Mahiu–Narok wa Machi 2018 hata sitauongelea sana. Picha ni zilezile, na kila zikirudi Afrika inagawanyika wiki ijayo. Wanajiolojia kadhaa walishasema mvua ilikuwa imemomonyoa udongo wa majivu ya volkano, lakini wapi.)

Mzee akifufua jambo la zamani kikaoni, haanzi katikati. Anasema lilitokea lini, liliachwa wapi, na ni kitu gani kipya kimemfanya alilete leo. Kama hana kipya, ataulizwa amekuja kufanya nini. Sisi tuko na simu na bando, tunashindwaje na hiyo? Tarehe ni maneno matatu. "Ni ya 2018." Andika hivyo juu, si chini kabisa mahali mtu anayekimbia hatafika.

Halafu kuna picha za maiti. Hapo sina mjadala. Yule mtoto kwenye matope ana mama, na mama ana simu. Unaweza kuuliza kesi imefika wapi bila kumwonyesha tena.

Mei 9 ikifika nitaposti kuhusu Solai. Tarehe juu, kisha kesi imefika wapi, kisha swali langu: mabwawa ya mashambani yaliyo juu ya vijiji vyetu yalikaguliwa na nani mara ya mwisho? Vidio ya usiku ule sitaiweka. Na kama wewe ni wa Energy ama Nyakinyua na kuna kitu hungependa kionekane, niandikie inbox kabla ya siku hiyo.