MFULULIZO WA MALEZI, SEHEMU YA 4: DADA WA KAZI NAYE AFUNDISHWE

Mama mwenzangu, leo nasema wazi. Ukikasirika utanisamehe.

Huku kwetu Mgeta kabichi, karoti na njegere zinashuka mlima kila siku kwenda Morogoro na Dar. Mabinti zetu nao wanashuka, kwenda kuwa dada wa kazi. Karoti ina bwana shamba wa kuelekeza: panda hivi, piga dawa hivi. Binti anayekwenda kushika mtoto wa miezi minne kaelekezwa na nani?

Mnasema, "Kulea hakufundishwi, mwanamke anazaliwa nako." Si kweli. Mimi nesi nilifundishwa darasani kwamba mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea hazinduki, anakimbizwa kituoni saa hiyo hiyo. Binti hajaambiwa. Hajaambiwa kuwa karanga nzima inaweza kumkaba mtoto, wala kwamba mafuta ya taa hayawekwi kwenye chupa ya soda. Likitokea la kutokea, lawama zote zake.

Malipo je? Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Elfu sitini! Na wapo wasiofikisha hata hiyo. Tunamwita beki tatu, tunacheka, halafu tunamwachia mtoto kutwa nzima.

Eti, "Akisomeshwa atataka hela nyingi, ataondoka." Mbona dereva mnamtaka mwenye leseni?

Desemba 2021 serikali ilizindua PJT-MMMAM, programu ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka 0 hadi 8. Vizuri sana. Lakini huko mjini, mama akiwa kazini, mtoto anashinda na nani? Na dada aliyetoka milimani. Programu isipomfikia huyu dada, huyo mtoto nayo haijamfikia.

Ninachodai ni mafunzo mafupi hapa hapa Mgeta, kabla binti hajapanda gari: huduma ya kwanza, lishe, usafi, kucheza na kuongea na mtoto, na haki zake kazini. Apewe cheti. Akitaka aendelee chuoni, awe mlezi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana. Hiyo ni kazi kama kazi nyingine.

Nawe mzazi wa huku, aliye chini ya miaka 14 usimpeleke kazini. Sheria imekataa. Mwache shuleni.

Wewe uliye mjini usisubiri serikali. Kliniki ijayo nenda na dada, mwambie nesi amweleze na yeye dalili za hatari. Muoneshe kadi ya mtoto inakaa wapi. Mwachie namba za simu na hela ya bodaboda ya dharura.

Sehemu ya 5 tutaongelea mkataba wa dada. Njoo na hoja zako.