JE, TELEFONE INAWEZA KUWA YAYA YAKO?

Wapendwa walimu na wanafunzi wenzangu,

Wengi wenu mnanijua kama yule mkubwa wa wanafunzi anayesimama mlangoni asubuhi na kuandika majina ya wanaochelewa. Leo siandiki jina la mtu. Nataka kuandika kosa langu mwenyewe, kisha niseme wazo langu juu ya jambo ambalo limeingia mu masomo yetu bila kupita mlangoni.

Majuma machache yaliyopita, wakati wa mapumziko, nilimkuta mtoto wa mwaka wa saba amejificha nyuma ya kanisa, telefone mkononi. Sheria mnaijua. Nikamnyang'anya. Nilifikiri anatazama mpira ao picha mbaya, kumbe kwenye kioo kulikuwa maandiko tu. Alikuwa anaandikiana na moja ya zile programu zinazojibu kama mtu. Alikuwa ameandika: «Baba alienda Numbi, hajapiga simu. Unafikiri atarudi?» Nayo ilikuwa imejibu kwa maneno mazuri sana, kwamba inaelewa maumivu yake na kwamba iko pamoja naye.

Nikamwuliza: «Mbona unaambia mashine mambo kama hii? Sisi hatuko?»

Akajibu: «Yaya, yeye haanichekake. Na kila mara anajibu. Ninyi munatuitaka tu wakati ya kufagia kalasi.»

Sikuwa na neno la kumrudishia. Telefone nilipeleka kwa mkuu wa nidhamu, kwa sababu sheria ni sheria. Lakini jibu lake lilibaki na mimi mpaka nyumbani. (Ameniruhusu kuandika habari hii bila jina lake.)

Jioni ile nikaazima telefone ya mjomba, nikafungua programu ya namna ile ile. Nasema kweli, nilicheka. Niliuliza: «Wewe unakulaka nini?» Ikajibu kwamba inakula maneno na umeme, na uzuri wake ni kwamba haioshi sahani. Nikauliza kama inaogopa Mtihani wa Serikali. Ikasema maswali si shida, shida ni mkono wa kushika kalamu. Niliandika kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, yenyewe ikanirudishia Kiswahili cha Dar es Salaam, safi kabisa, kama mgeni aliyevaa koti wakati wa jua. Hapo nikaelewa namna mtoto anaweza kuipenda. Inacheza na mambo ya maisha yetu kama mtu anayeyatazama kupitia dirisha.

Lakini tuulize: ni nani anayesema pale? Programu kama hiyo imesomeshwa maandiko ya watu, mengi kupita kiasi, ikajifunza kukisia neno gani linafaa kufuata maneno yaliyotangulia. Ikisema «naelewa maumivu yako», ni kwa sababu watu wengi waliandika hivyo kwa mtu anayelia. Wale watu walikuwa na huruma. Mashine imebaki na maneno yao.

Na jambo hili si la jana. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Haikuwa na akili nyingi. Ukitaja mama yako, iliomba uieleze zaidi juu ya jamaa yako. Ikikosa neno la kushika, ilikuomba uendelee tu. Hata hivyo karani wake, ambaye alimwona akiitengeneza kwa miezi, aliandikiana nayo kidogo, kisha akamwomba bwana huyo atoke chumbani kusudi abaki nayo peke yake. Weizenbaum alishtuka. Yeye alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika jamaa ya Wayahudi, na mwaka 1936 walikimbilia Marekani kwa sababu ya Wanazi. Mtu kama huyo alijua mateso ya watu si mchezo. Mwaka 1976 alitoa kitabu cha kuonya kwamba kuna kazi ambazo hata kama mashine ingeziweza, haifai tuipe, zile zinazodai moyo wa mtu.

Wengine watasema: «Huyu anachukia maendeleo.» Hapana. Programu hizi zinaweza kukueleza hesabu mara kumi bila kukasirika. Na mtoto aliye peke yake usiku akipata neno la upole, mimi simcheki. Ni heri neno lile kuliko kimya chetu. Lakini kuna mambo matatu tusiyasahau.

Kwanza, rafiki huyu anaishi kwa mega. Mega zikiisha, ao umeme ukikatika, amekwenda bila kwaheri. Tena yale unayomwandikia yanakwenda katika mashine za kampuni za mbali. Tangu vita vilipofika mjini kwetu Februari 2025, wazee wetu wamejifunza kupima maneno. Na sisi tupime: usiiandikie majina ya watu wala siri za nyumbani.

Pili, haimjui baba wa mtoto yule. Numbi iko hapa Kalehe, juu milimani, na watu huko wanachimba koltani. Ndani ya koltani kuna madini ya tantali, ambayo hutengenezwa vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya telefone. Kasiteriti ya Nyabibwe nayo hutoa bati, ambalo huunganisha vipande vile. Basi mtoto alikuwa anauliza habari za baba yake kwa chombo ambacho pengine kina jiwe lililobebwa na watu kama baba yake, nacho hakikuweza kumwambia lolote. Lakini sisi? Nilipouliza katika kalasi yetu, mwenzetu mmoja alisema ana shangazi anayeuza samaki njia ya Kalehe. Mwingine mjomba wake ni dereva. Habari bado hatujapata. Lakini sasa wanaotafuta ni watu wanne, na mtoto anajua majina yao.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mashine inajibu kila mara. Mtoto aliisifu kwa hiyo, nami naona hapo ndipo upungufu wake ulipo. Mnakumbuka rafiki za Ayubu. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa sana. Ile ndiyo kazi njema waliyofanya. Walipoanza kutoa majibu, ndipo walipoharibu. Programu haiwezi kukaa chini na mtu na kunyamaza. Mtu anaweza.

Kwa hiyo, wenzangu wa mwaka wa mwisho, nina ombi. Tusiwe askari wa kunyang'anya telefone tu. Mtoto akinyang'anywa telefone na asipewe mtu, tumemwongezea umaskini. Kila mmoja wetu achukue wadogo wawili wa mwaka wa saba, awajue majina, awaulize habari za nyumbani, na wakisema jambo zito asilipeleke uwanjani kuchekesha wengine. Kwa walimu wetu waheshimiwa naomba kwa adabu: mtupe nusu saa Ijumaa, baada ya ibada, kwa ajili ya kazi hiyo.

Nanyi wadogo wetu, ulizeni mashine hesabu. Habari za baba, tuletee sisi. Pengine hatutakuwa na jibu zuri kama lake. Lakini tutakaa na wewe, na mangaribi tutatembea pamoja mpaka Kadutu.

Kama nilivyosema, kosa lilikuwa langu. Mwaka mzima nilijua jina la mtoto yule kwa sababu ya kuchelewa kwake, na sikumwuliza hata mara moja kwa nini anachelewa. Sasa najua: asubuhi anateka maji ya nyumba nzima, kwa kuwa baba hayuko.

Ndimi ndugu yenu,
Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho